Siku Jua Lilipoandikwa Tulivu

Barafu ya ziwa ililia mara moja, kisha pikipiki ya theluji iliyotangulia ikazama pua. Niillas, mfugaji wa kulungu wa kaskazini huko Inari, Ufini, alitumbukia hadi kifuani. Shemeji yake Tauno, aliyekuwa nyuma, alijitupa kifudifudi, akamrushia kamba, akavuta mpaka viganja vikachubuka.

"Vua suruali. Chukua yangu ya akiba."

"Dada yangu akisikia umenivua suruali ziwani..." Meno ya Niillas yaligongana, utani ukakatika.

Theluji ilivuma. Mbingu na ziwa vilikuwa weupe mmoja. Kifaa cha setilaiti kilionyesha kwamba wako kwenye njia salama, kumbe kilikuwa kimewapeleka kwenye mdomo wa mto, ambako mkondo huila barafu kutoka chini. Redio ilichakacha tu.

"Si ulisema jua leo limelala, shemeji?"

Tauno alijifanya kufunga kamba. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: kila asubuhi, kituoni, alitabiri misukosuko ya jua na ya sumaku ya dunia, ili wasafiri wajue kama vifaa vyao vitapotoka. Katika picha za juzi aliliona wingu lililotapikwa na jua, nalo lilikuwa likielekea duniani. Lakini wiki iliyopita alikuwa ametoa onyo, kisha hakikutokea kitu, na wenzake wakaingia chumba cha kahawa wamejivika masufuria kichwani kumdhihaki. Kwa hiyo leo aliandika: tulivu. Kisha akaja kuvua samaki.

"Zima hicho kifaa," alisema. "Na dira usiiamini sana."

Pikipiki ya pili waliiacha, maana barafu ile isingeibeba, wakatembea kwa miguu. Tauno alitangulia, akigonga barafu kwa mtaimbo. Kila baada ya hatua chache alipiga magoti na kupapasa matuta ya theluji yaliyokazwa na upepo wa kaskazini. Yalilala kaskazini hadi kusini; wakiyakata kwa upande, wangefika magharibi, ufukweni.

"Mguu wa kushoto siusikii," Niillas alisema.

"Niegemee."

"Wewe mwembamba hivyo? Tutaanguka wote."

Alimwegemea hata hivyo. Uzito ule ulimchoma Tauno kuliko baridi. Mwishowe mtaimbo uligonga kitawi cha msonobari kilichochomekwa kwenye barafu, alama ya njia ya majira ya baridi. Walifuata kitawi baada ya kitawi mpaka kwenye kibanda cha wavuvi. Aune, bibi aliyewapikia wavuvi, aliwavuta karibu na jiko.

"Nani kawapoteza?"

"Mashine," Niillas alisema. "Shemeji ndiye kaniokoa. Bila yeye, sasa hivi ningekuwa chakula cha samaki."

Tauno angeweza kunyamaza. Kahawa ilikuwa moto, sifa pia.

"Niliona tangu juzi kwamba wingu la jua linakuja," alisema. "Niliogopa kuchekwa, nikaandika tulivu."

Niillas aliweka kikombe chini. Akautazama mguu wake, uliokuwa mweupe kama nta.

Hospitalini alikatwa vidole viwili vya mguu. Zamani, kila alipotaka kuvuka ziwa, alikuwa akimpigia simu shemeji yake na kuuliza, "Jua limeamkaje?" Mwezi mzima simu haikulia. Asubuhi moja ikalia.

"Tauno," Niillas alisema, bila lile neno shemeji. "Usiniambie ulichoandika. Niambie ulichoona."

Tauno alimwambia yote, hata yale asiyokuwa na uhakika nayo.