Hapa Kuna Mtu

Kanga ilikuwa imekunjwa mara nne na kuwekwa kwenye benchi, imetulia, halafu ikabonyea katikati. Kudra aliiona kwa jicho la pembeni akasema moyoni ni upepo. Upepo gani, na mchana ule stesheni ya Ifakara jua lilikuwa limewakausha watu hata mate?

Kudra huyu ni mke wa Sadallah, mwenye duka la vitenge pale sokoni. Mwanamke ana dharau zake, hilo hata madereva wa bajaji wanalijua. Ila siku hizo alikuwa na la kujivunia. Baada ya miaka ya kuhangaika, dawa za hospitali, dawa za mizizi na midomo ya mawifi, mimba ilikuwa imeingia na imeshika. Alikuwa anakwenda Mlimba kumwambia mama yake kwa mdomo wake mwenyewe. Yeye ni mtu wa mabasi. Treni aliichagua kwa sababu basi linarusha, na mimba ile hakutaka hata itikiswe.

Sasa mtu wa mabasi hajui mambo ya stesheni. Ukumbi wa kusubiria ni uleule walioujenga Wachina walipoleta reli: nguzo nene, saa ya ukutani iliyokufa zamani, mabenchi ya zege yaliyong'arishwa na makalio ya abiria. Nje limening'inizwa pande la reli, ndiyo kengele. Wazee wanasimulia kwamba wakati wa ujenzi ukuta wa kona moja ulikuwa ukiporomoka kila ukiinuliwa, mpaka Wandamba, wenyeji wa bonde lile, wakaombwa wakaseme na mizimu, wenyewe wa mahali pale. Wenyewe hawakuhama. Walikubali tu kukaa na watu. Tangu hapo benchi la kona ile, karibu na nguzo, lina sharti lake: ukitaka kushikilia nafasi, weka kitu chako useme kuna mzigo. Usiseme kuna mtu. Wachukuzi wanajua, mama lishe wanajua, watoto wa pale wanajua. Kudra alikaa hapohapo, kanga yake akaikunja akaiweka pembeni.

Treni ikachelewa, na hilo si habari. Watu wakazidi kujaa. Akaja bibi mmoja wa Namawala, jina lake Balbina, ametoka hospitali, miguu imevimba hadi ndala zimembana.

"Mwanangu, nisogezee hiyo kanga nikae kidogo."

"Shikamoo bibi," Kudra alisema bila kuinuka. "Hapa kuna mtu."

"Marahaba. Mtu gani?"

"Mwanangu. Kaenda chooni."

Mwana hakuwepo. Kudra alitaka tu kunyoosha miguu. Balbina akaishika nguzo, akajishusha polepole mpaka sakafuni, akaguna alipofika chini. Silvano, mfagiaji wa stesheni, akaacha kufagia.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "hapo ungesema kuna mzigo."

"Baba, kafagie."

Ndipo kanga ikabonyea. Ikafuata harufu, ya tope la majaruba ya mpunga, tope bichi la masika, na kiangazi kilikuwa kimeshapasua mashamba yote. Kudra akaziba pua, akasingizia mimba. Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya benchi, na hapo akahisi vidole vidogo, vya baridi, vinachuruzika maji, vikikishika kidole chake kimoja vile mtoto anavyokushika mkitaka kuvuka barabara.

"Mwanao amerudi," Balbina alisema kutoka sakafuni. "Mbona umemwacha amelowa hivyo?"

Kudra hakusubiri treni. Alitoka mbio na mkoba wake, kanga akaiacha, akajitupa kwenye bajaji ya kijana aitwaye Beno. Beno akageuka nyuma kabla hajawasha.

"Mama, mtoto mshike vizuri. Njia mbovu hii."

Nyumbani Sadallah alimcheka, lakini kicheko hakikudumu. Nyayo zilianza sebuleni, ndogo, za tope, wakizifuta zinarudi, kisha zikafika mlango wa chumbani, kisha zikapanda kitandani, na kila walipoamka shuka kati yao ilikuwa imelowa na imebonyea, na wali uliofunikwa ulikuwa umeliwa upande mmoja tu kwa vidole, na Kudra akikaa kwenye kochi, kwenye mkeka, kwenye kiti cha plastiki nje barazani, kuna kitu kinakuja kumwegemea tumboni kwa uzito wa kichwa cha mtoto, kinatulia, kinasikiliza.

Walikwenda Kiberege kwa mganga mmoja, Mzee Said. Alimtazama Kudra, akatazama na pembeni yake, akavuta mkeka wake nyuma.

"Huyu hakuvamia," alinong'ona. "Ulimtaja mwana mbele za watu ukampa nafasi. Mimi simtoi. Aliyenyimwa nafasi aje aikalie, hapo huyu atainuka."

Kudra alikwenda Namawala na tumbo lake kubwa, akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo. Balbina alikuwa amelala. Miguu ilikuwa imekataa kabisa.

"Bibi, nisamehe. Njoo ukae mara moja tu. Nitakubeba mgongoni."

"Siku ile nilikuomba kidogo," Balbina alisema.

"Nakuomba na mimi, bibi. Nina mimba. Sina mtoto mwingine."

Bibi akatazama pembeni ya Kudra, chini kidogo, akatabasamu kama anavyotabasamiwa mjukuu.

"Unaye. Huyu nimwinue aende wapi? Mwenzio anakuita mama." Akageukia ukutani. Kudra alilia pale mpaka watu wa nyumba ile wakamwomba aondoke.

Alijifungua asubuhi, salama, mtoto wa kike mwenye sauti kali. Muuguzi Theresia alimfunga kwenye kitenge akamkabidhi mama. Kudra alimbana kifuani na hakutaka kumwachia.

"Umechoka, mama. Nipe nimlaze hapo pembeni yako."

"Nitamshika mwenyewe."

"Siku nzima? Lete."

Theresia akamchukua mtoto, analia, akanyoosha mkono kutandaza shuka upande wa ukutani. Shuka ilikuwa imelowa. Wodi ilinuka tope.

"Hapa kuna mtu," ilisema sauti ndogo.

Theresia alimtazama mzazi, akidhani ni yeye aliyesema, maana hapakuwa na mwingine.

"Mtu gani, mama?"

Kudra alikuwa ameuma midomo hadi damu. Kabla hajafungua mdomo, mtoto alikata pumzi mikononi mwa muuguzi, na hakulia tena.