Maksai wa Fransiska

Soko la Sumbawanga lilikuwa limefurika siku ile, vumbi na harufu ya dagaa wa Kirando vikigombania pua za watu. Eustaki aliteremka kwenye lori la Zambia na suruali yake ya bugaluu ya kijani, akatembea kwa maringo. Hakufika mbali, akaganda. Maksai wawili waliokuwa wakikokota mkokoteni wa mahindi walikuwa wake, wale wale aliowanunua kwa mkopo wa benki kabla ya kwenda kutafuta vibarua vya ujenzi Kitwe. Na aliyewaswaga alikuwa Fransiska, mchumba wake, ndani ya koti kuukuu la kiume, kanga kiunoni, miguu peku.

"Karibu, Mzambia," alisema Fransiska bila kusimama. "Umependeza. Kumbe pesa za kutuma zilikwenda kwa fundi cherehani?"

"Yuko wapi mumeo Leonsi?"

Fransiska akawasimamisha ng'ombe. "Mume wangu nani?"

"Dereva wa lori aliniambia maksai wangu wanalima kwa Leonsi. Nikajua umemfuata na ng'ombe wangu. Ndiyo maana nikaacha kutuma."

Fransiska alicheka hadi machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

"Leonsi alinikodi, Eustaki! Pesa zako leo zinakuja, kesho hakuna. Nikasema vibarua ndivyo vilivyo. Zilipokatika kabisa, watu wa benki wakaja kuwachukua hawa. Nikawaomba msimu mmoja. Nimelima kwa Leonsi, nimelima kwa Zenon, nimebeba mahindi ya kijiji kizima. Watu walinicheka, eti mwanamke kushika plau! Juzi deni limekwisha."

Eustaki aliitazama mikono ya Fransiska iliyojaa sugu. Kitwe alikuwa ameona mitambo mikubwa kama vilima, wala haikumtisha. Msichana huyu alimtisha. Alimstaajabia, kisha aibu ikamshika.

"Nisamehe, mpenzi. Kesho nakwenda kwa baba yako na hawa maksai. Ndiyo mahari."

"Utanioa kwa ng'ombe wangu mwenyewe?"

Wauza dagaa wakaangua kicheko.

"Basi sina kitu, Fransiska."

"Una mikono. Shamba la baba halijalimwa. Msimu huu utalima wewe, mimi nikutazame."

"Na ukishatazama?"

"Nikiridhika, twende kwa padri."

Eustaki akapokea fimbo kwa mikono miwili, akawaamuru maksai waende. Hawakutikisika. Fransiska akapiga mluzi, wakaondoka, na Eustaki akawafuata.