Mchezo wa Mama Ametoka Kazini

Pacha wawili walikuwa wakicheza chumbani. Mchezo wao ulikuwa mpya, nao waliupa jina: Mama Ametoka Kazini.

Chiriku, yule mwenye maneno mengi, alitoka nje akafunga mlango. Kisha akaingia kwa kishindo, akatupa mfuko chini.

"Nani ameacha viatu hapa?" alifoka. "Hamna macho? Nimechoka na nyinyi!"

Pacha mwenzake, Kimya, alijikunyata pembeni ya kitanda na kuziba masikio. Halafu wote wawili wakacheka, wakabadilishana zamu.

Mama yao alikuwa nyuma ya pazia lililogawa chumba, na alisikia yote. Yeye hakucheka. Alihisi uchungu. "Kumbe ndivyo ninavyoingia nyumbani kwangu?" alijiuliza. Wanawe wanamwogopa, na hofu yao wameigeuza mchezo!

Watu walimwita Mama Pacha. Alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya sare za shule, na mshono wake ulinyooka kama uliopigwa rula. Kazi aliipenda sana. Shida yake ilikuwa mtu mmoja tu, mkataji wa vitambaa. Mafundi walimpa jina la Mkasi, na si kwa sababu ya kazi yake pekee. Ulimi wake nao ulikata.

"Mama Pacha, kola hii uliishona ukiwa umelala?" alizoea kuuliza kwa sauti kubwa.

Mafundi walicheka. Mama Pacha aliinama na kuyameza maneno yake. Lakini maneno yaliyomezwa hayayeyuki. Njia nzima ya kurudi nyumbani alimjibu Mkasi moyoni, akamshinda kwa kila hoja. Alipofika mlangoni hasira ilikuwa imeiva tayari, na waliolishwa ni watoto.

Jioni ile ya mchezo alikwenda kwa jirani yake, muuguzi wa hospitali. Alimkuta akianika nguo.

"Dada, naacha kazi," alisema Mama Pacha. "Yule Mkasi nimemchoka. Nitamwacha huko huko karakanani."

"Utamwacha vipi?" muuguzi aliuliza. "Mbona kila jioni naona unarudi naye?"

Mama Pacha alisogea kwenye beseni la nguo. Akashika ncha moja ya shuka, wakalikamua pamoja, naye akasimulia habari ya pacha na mchezo wao.

"Hasira hukaza mwili," muuguzi alieleza. "Mabega, taya, hata tumbo. Sisi huwafundisha watu zoezi la kutakia wema. Kaa mahali patulivu. Fumba macho. Vuta pumzi polepole, itoe polepole. Kisha mfikirie mtu, umtakie heri kwa maneno machache: uwe salama, uwe na afya, uwe na amani."

"Nimtakie Mkasi amani? Ataiweka wapi?"

"Jaribu tu, mwenzangu."

Kesho yake asubuhi Mama Pacha alikaa kwenye kigoda, akafumba macho. Akamleta Mkasi mawazoni, mzima mzima, na chaki yake sikioni.

"Uwe salama," alimwambia kimoyomoyo.

"Umekaa kama gunia," Mkasi wa mawazoni alijibu.

"Gunia ni wewe!" alisema Mama Pacha, safari hii kwa sauti.

Kimya alichungulia mlangoni. "Mama, unagombana na nani?"

Jioni Mama Pacha alirudi kwa muuguzi na malalamiko. "Dada, dawa yako imenizidishia ugonjwa!"

"Ulianza na nani?"

"Na Mkasi. Si ndiye mwenye matatizo?"

Muuguzi alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Fundi mzima wewe! Mtu akija kwako kujifunza kushona, unamwanzisha na kola?"

"Kola? Thubutu! Anaanza na mshono ulionyooka, tena kwenye kitambaa chakavu."

"Basi Mkasi ndiye kola. Anza na wewe mwenyewe. Ukizoea, mfikirie mtu unayempenda. Halafu mtu wa kawaida tu, usiyempenda wala kumchukia. Huyo mgumu awe wa mwisho. Na akikushinda, mwache, urudi kwa unayempenda."

"Na akinitukana je? Nimtazame tu na kumtakia heri?"

"La! Kumtakia mtu mema si kumpa mgongo wako aukanyage. Mwambie kosa lake, waziwazi na kwa utulivu. Asiposikia, mpeleke kwa msimamizi."

Mama Pacha alianza upya. "Niwe salama," alijiambia. "Niwe na amani." Machozi yakamtoka. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alijitakia jema lolote. Asubuhi nyingi alibaki hapo hapo, na hakujiharakisha. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa pacha maneno yalikuja yenyewe. Kisha akamfikiria mlinzi wa lango la karakana, mtu aliyempita kila siku bila kumtazama usoni. Siku hiyo alimsalimu. Mlinzi alishtuka, akageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yake.

Mwisho akamfikia Mkasi. Alimwona akiwa amekaa peke yake mwisho wa meza, akila chakula cha mchana, kwa maana hakuna fundi aliyetaka kukaa naye.

"Uwe na amani," Mama Pacha alisema. Hakusikia upendo wowote. Muuguzi alikuwa amemwambia haidhuru, kutaka mema kunatosha. Ila alisikia mabega yake yakishuka. Na kabla ya kuingia nyumbani akazoea kusimama kidogo mlangoni, avute pumzi, amtoe Mkasi kichwani.

Siku ya mtihani ilifika. Mkasi alikuja na shati mkononi, akalipeperusha mbele ya mafundi wote.

"Tazameni! Mkono wa kulia umewekwa kushoto! Mama Pacha, hata mtoto angejua!"

Mama Pacha aliondoa mguu kwenye pedeli. Akavuta pumzi, akaitoa. Kisha akainuka, akamtazama usoni.

"Kaka, kosa nimeliona, na nitalifumua. Lakini usinipigie kelele mbele za watu. Niambie kwa sauti ya kawaida, nitakusikia."

Mkasi alilishusha shati.

"Na tutazame pamoja," aliendelea Mama Pacha. "Ukikata mikono, unaacha alama ndogo ukingoni, ili fundi ajue mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Hapa alama iko wapi?"

Mkasi aliugeuza mkono wa shati upande huu na upande ule. Akaenda mezani, akafunua rundo lote la mikono aliyokata. Hakukuwa na alama hata moja.

"Nimesahau," alisema kwa sauti ndogo.

Zamani Mama Pacha angepiga vigelegele. Leo hakuwa na haja navyo. "Lete chaki, kaka," alisema. "Tutie alama, kazi iendelee."

Fundi mmoja alianza kupiga makofi, na wenzake wakamfuata. Mama Pacha alirudi kwenye cherehani yake kifua mbele, kwa furaha tupu.

Mkasi hakugeuka malaika. Bado alinuna siku za Jumatatu. Lakini alijifunza kusogea karibu na kuongea taratibu, na alama zake zikawa wazi kuliko za mkataji yeyote.

Jioni moja pacha walikuwa wakicheza tena. Mama Pacha alisimama nyuma ya pazia, akasikiliza.

Chiriku alitoka nje, akafunga mlango. Alipoingia, mashavu yake yalikuwa yamejaa hewa. Akaipuliza yote nje.

"Wanangu wako wapi?" aliita, akapanua mikono. Na Kimya, yule aliyekuwa akiziba masikio, alimrukia nusura wote wawili waanguke.

Mama Pacha aliyafuta mashavu yake, akasogeza pazia. "Na mimi nataka zamu."

"Haya, toka nje kwanza," aliamuru Chiriku.

Mama Pacha akatoka, akafunga mlango, akavuta pumzi. "Hodi!"

"Karibu, mama!" waliitikia pacha, na sauti ya Kimya ndiyo iliyosikika zaidi.