Aliyeitika Kwanza

Ilianza kama mzaha: spika ya zahanati ilimwita mgonjwa ambaye jina lake lilikuwa bado halijaingizwa kwenye mashine. Chiriku, mtunga programu aliyepachikwa jina hilo kwa kutofunga mdomo, alicheka akasema mashine nayo imejifunza umbea. Lakini sauti ya kuwaita wagonjwa alikuwa ameirekodi yeye mwenyewe, na hii haikuwa yake. Ilikuwa nzito, ya majimaji. Chumba cha mitambo kilinuka nywele zilizoungua.

Programu ya kuwaita wagonjwa haikubeba sauti ndani yake. Sauti ilikaa pembeni, kwenye faili ambalo programu nyingi hulitumia kwa pamoja. Mafundi huliita maktaba. Programu ikiamka, kipakiaji, yaani chombo kinachoiletea maktaba, hulitafuta faili hilo kwa jina, folda baada ya folda. La kwanza lenye jina hilo ndilo linaloingizwa, na wala haliulizwi limetoka wapi.

Ili kujaribu, Chiriku akaifuta maktaba yenye sauti yake. Programu ilipaswa kugoma, lakini haikugoma. Mchana kweupe ikamwita seremala aliyekuja tu kutengeneza benchi. Akaitika "naam" kwa mazoea, akainuka, akaanguka, akafa.

Hapo mzaha ukamwisha Chiriku, maana nyuma ya ukuta wa chumba cha mitambo alikuwa amelazwa mama yake, kifua kikianza kupona. Akachomoa waya wa spika, na sauti ikaendelea. Akazima umeme, ikaendelea. Akarudisha umeme, akakiuliza kipakiaji faili kimelitoa wapi, nacho kikajibu kwamba limetoka hapa hapa, kwenye folda aliyokuwa akifanyia kazi Chiriku, naye akaifungua folda hiyo huku kitu kikipumua taratibu karibu na sikio lake, akaikuta tupu.

Akamwita mkuu wa mafundi, mama mtu mzima ambaye ofisi nzima humwita Shangazi. Shangazi aliisoma orodha ya folda ambazo kipakiaji huzipekua, uso ukambadilika.

"Mwanangu, umeacha nafasi tupu mwanzoni mwa orodha," alinong'ona. "Kipakiaji kikikuta nafasi tupu, kinaanza kutafuta hapo ulipo. Umeita jina mlango ukiwa wazi."

"Na aliyeitika ni nani?"

"Usimtaje."

Shangazi aliiziba nafasi ile, akaijenga maktaba upya, kisha akaandika ndani ya programu yenyewe anwani kamili ya folda, ili kipakiaji kiende moja kwa moja kisibishe hodi kwingine. Harufu ikatoweka. Spika ikamwita mgonjwa anayefuata kwa sauti ya Chiriku, naye mwenye sauti akalia kwa furaha bila kuona haya.

Akakimbilia wodini. Mama yake alikuwa ameketi kitandani, uso kaugeuzia ukutani.

"Mama, uliitwa?"

"Mara moja tu, kabla hamjatengeneza. Kwa sauti yako, mwanangu. Nilifurahi."

"Ukaitika?"

Mama aligeuka. Mdomo ulifunguka, ukatoa sauti nzito ya majimaji, ikamwita Chiriku kwa jina alilopewa alipozaliwa, polepole, kama mama anavyomwita mtoto jioni arudi nyumbani. Chiriku akaufunika mdomo wake mwenyewe kwa mikono miwili. Sauti ikaita tena, kwa upole zaidi. Tangu akiwa mdogo hakuwahi kuitwa na mama yake akanyamaza. Mikono ikashuka yenyewe.

"Abee," akasema.