Aliyeitwa kwa Mikono

Nyumba ile haikuwa na tone la mafuta ya taa tangu walipovuta umeme, lakini jioni hiyo chumba cha mtoto kilinuka mafuta ya taa mpaka macho yakawasha. Mikono, baba wa mtoto, alinusa mapazia, akanusa viatu, akainama hata chini ya kitanda. Mkewe akamwambia aache kunusanusa kama paka, akavue hizo nguo zake za kazini. Ila binti yao, mtoto wa darasa la kwanza ambaye mdomo wake usiojua mapumziko ulimpatia jina la Chiriku, alikuwa ameketi kitandani kimya, ameziba masikio kwa viganja vyote viwili.

“Nini, mwanangu?” baba akauliza.

“Haijazimwa,” mtoto akasema. “Mwambie azime.”

Mikono akaacha kunusa, kwa sababu mchana wa siku hiyo alikuwa amefanya jambo la kijinga.

Kazi yake ilikuwa katika kambi ya zamani ya ndege za kivita. Wanajeshi walishaondoka, na sasa pale palikuwa panageuzwa kitovu cha viwanda na teknolojia: banda moja la ndege lilishafungwa mitambo ya kutengeneza vipuri vya simu, mnara wa kuongozea ndege ulivishwa vioo uwe ofisi, na ile njia ndefu ya kurukia ilikuwa inakatwa vipande vipande vya zege ili misingi ya viwanda ipite. Kila kipande kilinyanyuliwa kwa kreni. Dereva wa kreni, kule juu alikokaa, haoni kilicho chini yake. Anainua, anashusha na kusimama kwa kufuata mikono ya mtu mmoja aliye ardhini. Mtu huyo ndiye Mikono, na kazini hakuna aliyekumbuka tena jina alilopewa na wazazi wake.

Alikuwa hodari, tena mcheshi kupita kiasi. Wakati wa chakula, jua likiwa utosini, mwenzake mmoja aliokota kwenye kifusi vibao viwili vya rangi ya chungwa, vile ambavyo askari walitumia kuielekeza ndege mahali pa kuegesha. Akamrushia. Haya, Mikono, tuletee ndege tupande. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nani hukumbuka methali akishashiba? Mikono akasimama mwisho wa njia, akapunga: njoo, njoo, kushoto kidogo, njoo. Watu wakacheka hadi wakashika mbavu.

Ukaja upepo usio na vumbi. Kivuli kipana kikateleza juu ya zege kutoka upande wa pili, kimenyooka, na angani hapakuwa na hata wingu. Kikasimama mbele ya miguu yake. Joto likampiga usoni kama amefungua tanuri. Vicheko vikakatika, kila mtu akaangalia sahani yake. Mikono akatupa vibao, akageuka, akaenda zake. Na huo ndio ulikuwa ujinga wa pili, maana apungaye akishageuka na kutembea, kinachopungiwa humfuata.

Tangu jioni hiyo Chiriku hakusema tena. Hospitali walimpima kila kinachopimika, wakasema mzima. Lakini kila giza lilipoanza kuingia nyumba ilianza kunguruma, kwanza chini chini kama mashine ya jirani, halafu vikombe vikatembea vyenyewe kabatini, halafu mtoto akasimama juu ya kitanda na kunyoosha mikono yote miwili kama mbawa, macho wazi, midomo mikavu, na ile harufu ikajaa hadi mama yake akaogopa kuwasha jiko, akamkumbatia, akasikia mwili wa mtoto unatetemeka kutokea ndani, mfululizo, bila kupumzika, kana kwamba kuna kitu kimeegeshwa humo kinangoja kuondoka. Alikuwa anakonda huku wakimwona.

Mama mkwe ndiye aliyemleta mganga, mwanamke wa makamo ambaye mchana hushona mapazia. Aliingia na pini zake zikiwa bado zimechomekwa kifuani. Alisoma alichosoma, akaita majina anayoyajua yeye, mtoto hakupepesa. Ila alipoinua kiganja kujifuta jasho, macho ya mtoto yakakifuata kiganja.

“Huyu hasikii maneno,” mganga akanong'ona. “Hakuitwa kwa maneno. Nani kati yenu alimpungia?”

Mikono akakiri.

“Basi wewe ndiye utakayempungia aende. Palepale alipotua, apate pa kukimbia ili aruke. Na ufanye upesi, baba. Mwili wa mtoto haumbebi huyu.”

Mikono akamtazama mkewe. Palepale ndipo walipokuwa wanakata zege.

Asubuhi alikwenda kwa mhandisi wa mradi, mama mkali asiye na muda wa majini, akaomba njia isikatwe kwanza. Mhandisi akamwambia msingi haungoji ndoto za mtu. Kisha akamwangalia machoni, akasema saa ya chakula ni ya wafanyakazi, afanye anachotaka, yeye hataona.

Saa hiyo ilipofika, Mikono akamsimamisha binti yake kwenye zege, mama yake akimshikilia kwa nyuma. Akapunga: geuka. Joto likageuka. Akapunga: nenda. Kivuli kikachomoka chini ya miguu ya mtoto, kikashika njia, kikaongeza mwendo, mngurumo ukapanda mpaka vioo vya mnara vikalia, na Mikono akaanza kutabasamu. Kikafika palipokatwa. Hapo njia iliishia shimoni, na kivuli kikasimama ukingoni. Kilihitaji njia yote ili kiruke, na njia hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyeinyanyulisha, kipande baada ya kipande.

Kikageuka. Kikaanza kurudi kule kilikozoea kuegeshwa.

Mkewe akamnyanyua mtoto, lakini angekimbilia wapi? Mikono hakupima wala hakushauriana na mtu. Alimpenda binti yake kuliko pumzi zake, basi. Akaruka mbele yao, akainua mikono: njoo, njoo, hapa, kwangu. Akapunga mpaka joto likamgusa kifua, likaingia. Kisha akaishusha mikono.

“Baba,” Chiriku akasema nyuma yake, “nina njaa.”

Aliongea njia nzima hadi getini, bila kupumua. Baba yake aliishia getini.

Viwanda sasa vinafanya kazi. Mikono analala kwenye kibanda nyuma ya banda la mwisho, kwa kuwa mitambo huzimika akipita karibu. Jioni mkewe humletea chakula. Huzungumza naye kupitia uzio, na yeye humsoma midomo, maana mngurumo ulio ndani yake haumwachi asikie.

“Anaongea?” huuliza kila mara.

“Hanyamazi. Jana mwalimu kamhamisha dawati.” Mkewe hucheka kidogo. “Njoo nyumbani basi. Hata usiku mmoja.”

“Nikija, siji peke yangu.”

Mkewe huinama, akalisukuma bakuli chini ya uzio kwa fimbo, mkono wake usikaribiane na wa mumewe.