Sauti ya Salem ndani ya Kompyuta

Dalal aliitia tena sidii kwenye kompyuta. Programu ya kurekodia sauti ikajiweka upya. Akabofya faili la sauti ya marehemu baba yake. Halikufunguka.

"Bado?" aliuliza mama yake, Bi Nunu. Alikuwa ndani, anakaa eda ya mumewe, Salem.

"Bado, mama. Kosa langu."

Wakati wa matanga, Dalal alizifuta picha zote za baba kwenye skrini, ili mama asizione akalia. Alama ya kufungulia programu ya zamani ya kurekodia nayo aliifuta, kwa sababu baba aliiwekea picha yake. Tangu hapo aliamini ameifuta programu yenyewe, na sauti ya baba imepotea nayo.

Alasiri akaja Kawthar, jirani anayefundisha kompyuta mtaa wa Mlandege.

"Shikamoo, Bi Nunu."

"Marahaba. Huyu mwenzio ataiua hiyo mashine."

Dalal akamweleza alichokifuta. Kawthar akacheka kidogo. "Dalal, umefuta alama tu. Alama ni kama kibao cha duka. Ukikiondoa, duka lipo palepale."

"Lipo wapi? Nshatafuta mpaka macho yananiuma."

"Usitafute kwa macho. Tuiamrishe kompyuta itafute."

Akaandika amri chache, akazieleza polepole. Ya kwanza ilisoma rejista, yaani mahali kompyuta inapoweka kumbukumbu za programu zilizowekwa. Ya pili iliingia kila folda, kutafuta faili linaloiendesha programu ile. Kila nakala ikipatikana, kompyuta ilionyesha ilipo na toleo lake.

"Kwa nini zote mbili?" Dalal aliuliza.

"Programu ikinakiliwa kwa mkono, bila kuwekwa kwa sidii, huenda rejista isiijue. Ukiuliza rejista peke yake, utaambiwa haipo."

Zikatokea nakala mbili. Moja mpya, ya sidii. Nyingine ya zamani, kwenye diski ya pili. Rejista haikuitaja kabisa.

"Faili la zamani linataka toleo la zamani," alisema Kawthar. "Nakala hii usiifute."

Akalifungua faili. Kikasikika kikohozi. Kisha sauti ya Salem, kama anaita kutoka chumba cha pili: "Nunu! We Nunu!"

"Naam!" Bi Nunu aliitikia, akainuka.

Akasimama hivyo kidogo. Halafu akakaa, akajifunika uso kwa kanga. Dalal akamsogelea.

Mafaili mengi ya baba yalikuwa bado hayajafunguliwa.

"Yote tutayageuza, yafunguke kwenye toleo jipya," Kawthar alisema taratibu. "Tutayatia na kwenye sidii. Lakini kesho. Leo yatosha."

"Kesho amri nitaandika mimi," alisema Dalal.

"Njoo mapema, Kawthar," alisema Bi Nunu, uso bado umo ndani ya kanga.