Rivka wa Rénovat

"Rivka ni nani?"

Rénovat alikuwa ametoka bafuni akijifuta maji. Mchumba wake Kawira alisimama katikati ya jikoni, simu ya Rénovat mkononi, meseji ya huyo Rivka bado inang'aa:

*Mume wangu, kesho usichelewe ukumbini. Pete ninayo mimi. Kawira asijue.*

"Ni... ni mtu wa kazini, chérie."

"Huko ghalani Minto siku hizi mnaoana?"

"Bon, nitakueleza. Si leo."

"Wee! Usinibebe ufala, Rénovat. Harusi ni mwezi ujao!"

Kawira alikuwa nesi, Mmeru asiyetishwa na damu wala daktari. Lakini siku hiyo kazini alimpelekea mgonjwa chai, akainywa mwenyewe.

Kesho yake aliomba ruhusa, akapanda treni kutoka Toongabbie, mtaa walioishi huko ughaibuni, mpaka Minto, akaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa kanisa la Warundi alikosali Rénovat. Akasukuma mlango.

Rénovat alikuwa amevaa koti refu kuukuu na sharubu za bandia, amepiga goti mbele ya mwanamke aliyejitanda kitambaa.

"Rivka," alikuwa akisema, "tumevuka bahari mikono mitupu. Nikubalie, tufungue chumba chetu cha sinema."

"Mkubalie haraka, dada, maana namuua sasa hivi!" Kawira alifoka.

Mwanamke aligeuka. Kumbe ni Anésie wa kwaya, mama wa watoto watatu! Na aliyeshika kamera ni Destin, mumewe wa ndoa.

"Destin! Mkeo anachumbiwa, nawe unarekodi?"

"Mimi ndiye niliyemwambia apige goti," Destin alijibu. "Jana alichuchumaa tu."

"Ni sinema, Kawira," Rénovat alisema, jasho likimtiririka. "Habari za Wayahudi waliohamia Amerika zamani. Walikimbia mateso huko Ulaya, wakafika hata lugha hawajui. Huyu akauza glovu, yule manyoya. Wakaanza kuonyesha sinema kwenye vyumba vya maduka, mwishowe wakajenga makampuni makubwa Hollywood."

"Sasa siri ya nini?"

"Si ulisema nikishika kamera kabla ya harusi, hakuna harusi?"

Ni kweli alisema. Alisema siku ile Rénovat alipomsahau shangazi yake Kawira uwanja wa ndege kwa kuwa alikuwa anarekodi ndege. Si zile zinazobeba abiria, ni hawa wanaopekua mapipa ya taka.

"Mimi nimezaliwa kambini Tanzania," Rénovat aliendelea, sauti imeshuka. "Sinema ya kwanza niliiona kwenye shuka lililotundikwa. Nikisoma habari za wale watu, namwona baba yangu."

Kawira aliufunga mlango nyuma yake.

"Hilo nimeelewa. Uongo sijausamehe. Na kuna lingine. Mimi ulinichumbia kwa WhatsApp, niko kazini nabadilisha mgonjwa shuka! Rivka wa kubuni ndiye anapigiwa goti!"

Anésie alivua pete, akamwekea Rénovat kiganjani.

"Chukua. Ni yangu ya ndoa, utanirudishia."

Rénovat akapiga goti, sharubu zikaning'inia upande mmoja.

"Kawira, nimekudanganya na nimekosa. Studio sina, hata hii kamera ni ya kuazima. Lakini nakupenda. Naomba unioe."

"Mimi nikuoe wewe?"

"Nikuoe! Mimi nikuoe wewe! Kiswahili kinanikimbia!"

Kawira alijitahidi kununa, kicheko kikamshinda.

"Nakubali. Ila siri nyingine ikitokea, utalala na hiyo kamera."

Anésie akapiga vigelegele. Destin akajikuna kichwa.

"Samahani, ndugu zangu. Naomba mrudie. Sikuwa nimebonyeza."

Mwezi uliofuata walifunga ndoa Toongabbie, na kabla ya chakula wageni wakaonyeshwa sinema yote. Baba yake Kawira, aliyekuja kutoka Meru, alitazama mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akamvuta mkwe wake kando.

"Hawa watu, hatimaye walipata pa kukaa?"

"Walipata, baba."

"Haya," mzee akasema, akifuta macho kwa tai. "Sasa tupeni chakula."